Paka wa Banda la Mwisho

Kibwezi
20 Agosti 2023

Kwako Mwaitu,

Salamu. Mko wazima wewe na watoto? Mimi niko. Goti linauma asubuhi, jua likipanda linaacha.

Naandika kwa sababu simu tunaacha kwa askari wa geti. Ni sheria. Simu isilie karibu na paka. Jumapili nikipewa, wewe uko kanisani, na hapo kwetu netiweki ni ya kupanda juu ya mawe. Mulei dereva anavuka mto Athi kila mwisho wa wiki kupeleka vitu Mutomo. Atakuletea.

Mwaka jana ulicheka, eti baba ameenda Makueni kulisha paka. Ndiyo, nalisha paka. Lakini hii ni ya msitu. Ile ya miguu mirefu, nyuma ya masikio nyekundu. Ukiwa mdogo ulikuwa unaiona ikivuka barabara. Siku hizi unayoona si yenyewe, imechanganyika na ya nyumbani. Zile safi zimebaki kidogo. Hapa zinazalishwa, zikikomaa zinarudishwa msituni.

Sasa wamesema watazipeleka kilima cha Ngaani. Hapo nyuma ya kwetu. Mimi sikuomba. Wamepima wenyewe.

Mmoja ni wa banda la mwisho. Wa kike. Nimemlisha tangu aache kunyonya na hajawahi kusikia sauti yangu. Bandani mtu haongei. Chakula tunapitisha kwa paipu, asijue kinatoka kwa mtu. Akijua, akitoka ataenda kwa watu, na watu watampiga mawe.

Daktari anaitwa Abdiya. Anakuja huko mwezi ujao. Paka zote za nyumbani zihasiwe kabla zetu hazijaachiliwa. Zote. Ikibaki dume moja, wetu atazaa naye na hao watoto si wa msitu tena. Basi watamkamata wamrudishe hapa, na hatatoka maisha yake yote.

Mpe daktari yule paka wetu wa ghala, Meneja. Haumii. Anadungwa sindano analala.

Ni hayo.

Nau wako,
Munyao


Ngaani, Kitui
24 Septemba 2023

Kwako Nau, baba mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Sisi hatujambo, ila mdogo alikuwa na kikohozi, amepona. Umeniita Mwaitu, mama yako, kama kawaida kwa vile nabeba jina lake, kwa hivyo nitaongea kama mama yako: paka dawa kwa hilo goti na uache kulala chini.

Daktari Abdiya alikuja. Chifu aliita baraza pale dispensari. Nau, ungecheka. Mzee Mwau alisimama na kofia yake akauliza, "Daktari, ukimaliza paka, utarudi na wanaume?" Watu wakaanguka. Yule mama hakutingisika. Akasema, "Mzee, hiyo ni idara nyingine. Lakini nikipata nafasi nitakukumbuka." Sasa Mwau anaitwa Idara kila mahali.

Lakini si wote walicheka. Unamjua Kalunde jirani. Alisema, "Paka ikikatwa inakuwa ya kulala tu, panya wanaikanyaga. Ndengu yangu atalinda nani, serikali?" Abdiya akaeleza kwamba paka aliyehasiwa anashika panya kama kawaida. Watu waliitikia kwa mdomo. Unajua watu wa hapa. Ghala likiingiliwa na panya mwezi wa pili, mwezi wa tano unakula nini?

Kwetu walipita, wakaandika, wakaenda. Hiyo maneno imeisha.

Meneja yuko. Bado kila asubuhi anazunguka ghala akikagua, kama vile mama alivyompa hiyo kazi. Nikichelewa kufungua ananiangalia vibaya.

Novemba ni mwaka wa pili tangu mama atuache. Utakuja?

Mwanao,
Kavata


Kibwezi
29 Oktoba 2023

Kwako Mwaitu,

Mko aje? Mimi niko, goti pia.

Asante kwa habari ya Meneja. Nilikuwa na wasiwasi.

Hapa tuko kwa mafunzo ya mwisho. Miaka hii yote tumenyamaza. Sasa tumeambiwa tuwafundishe kuogopa mtu. Unaingia bandani ghafla, unapiga debe, unatupa udongo, unapiga kelele. Mtu awe kitu kibaya kwake kabla hajatoka.

Wengine hapa wanapenda hiyo kazi. Wanatukana paka matusi ya kila aina na wanacheka.

Mimi niliingia banda la mwisho. Alikuwa amekaa kwa jiwe, ananitazama. Nikafungua mdomo sina neno. Daktari alikuwa nje anasema, "Munyao, piga kelele!" Nikapiga. Kilichotoka ni jina la mama yako. Nililiita kwa nguvu sana. Paka iliruka ikagonga waya, ikaingia kwa shimo, ikakaa huko mpaka jioni.

Daktari alisema ni vizuri, nirudie kesho hivyo hivyo. Nimerudia kila siku. Sasa akisikia hatua zangu tu anakimbia.

Wataachiliwa katikati ya Novemba, panya wakiwa wengi shambani. Sisi wa bandani haturuhusiwi kuja. Harufu yetu wanaijua. Kwa hivyo ile siku ya mama yako sitakuwa hapo. Nimeambiwa nisikaribie hicho kilima mpaka wazoee.

Ni hayo.

Nau wako,
Munyao


Ngaani
17 Desemba 2023

Kwa Nau,

Salamu za Krismasi. Sisi tuko salama. Mvua imenyesha vizuri, ndengu imetoa maua.

Paka zako zilikuja. Zilikuwa kwa masanduku, zimefunikwa kwa gunia, hatukuona hata mkia. Pikapu ilipanda mpaka mwisho wa njia, wakabeba kwa mabega. Tuliambiwa tukae mbali. Baadaye Mulei aliniambia yule wako hakutoka haraka. Alikaa ndani ya sanduku mlango ukiwa wazi mpaka watu wote wakaondoka. Wamefunga kamera kwa miti.

Siku ya mama tuliimba hapo kaburini, mimi na watoto, Kalunde, na akina mama wa kanisa. Pasta aliuliza uko wapi. Nikamwambia uko kazini. Akauliza kazi gani haina ruhusa ya siku moja. Niseme umekatazwa kuja kwenu ili usinuswe na paka?

Chakula tulikula muthokoi. Alikuwa anaupenda.

Krismasi njema.

Kavata


Kibwezi
18 Februari 2024

Kavata,

Salamu. Natumai watoto ni wazima.

Jana daktari alituita ofisini kuonyeshwa picha za kamera ya kilima. Yule wetu yuko. Amenona. Nilimjua kwa miguu.

Picha ya pili yuko kwa lile jiwe linaloshika maji, na nyuma yake kuna paka dume ya nyumbani. Ana sikio moja limechanika kati. Mimi ndiye nilimtoa kwa mlango wa ghala siku alipochanika hilo sikio. Mama yako alikuwa ameshika kichwa chake, mimi nimeshika bawaba.

Daktari aliuliza kila mtu, "Hii paka ni ya nani?" Sikusema kitu.

Nilienda nikaangalia kwa karatasi zao. Kwetu wameandika: hakuna paka.

Kwa nini?

Nau


Ngaani
25 Februari 2024

Nau,

Hatujambo.

Unauliza kwa nini. Nitakuambia.

Mama alipozikwa ulikaa mpaka hema ya mazishi ikabomolewa, ukachukua begi. Mimi ndiye nilikunja nguo zake. Mimi ndiye niliosha bakuli zake. Meneja alilala kwa kitanda chake mpaka godoro likaisha harufu, halafu akaja kulala kwa miguu yangu. Mama alimtoa Mutomo ndani ya kikapu chake cha kyondo akiwa kama panya. Alimpa jina. Ni kitu pekee cha mama ambacho bado kinapumua.

Watu wa daktari walipokuja nilimfungia ghalani, nikawaambia alikufa. Nilifikiri: wakimdunga sindano asiamke? Na akiamka asishike panya, hii ndengu tutakula nini? Wewe hutumi chakula, unatuma barua za paka.

Uliniandikia kwamba ulimwita mama kwa nguvu bandani. Kila siku. Ulimwita mbele ya paka. Hapa nyumbani, mbele yangu, tangu azikwe hujawahi kutaja jina lake hata mara moja. Nilisoma hiyo barua nikaiweka chini ya gunia, sikutaka kuiona.

Usiniite Mwaitu. Mama yako angekuuliza haya haya.

Kavata


Kibwezi
3 Machi 2024

Kwako Kavata,

Salamu kwa watoto.

Barua nimepata. Ulichosema ni kweli.

Nimemwambia daktari ile paka ni ya nyumbani kwangu. Nilifikiri atanifukuza. Akasema, "Munyao, si yako peke yako. Kwa picha kuna dume nyingine." Inaonekana watu wengi walificha.

Amesema hivi. Atakaa dispensari hapo Ngaani mpaka mwisho wa mwezi huu. Paka zote zikiletwa, yule wa banda la mwisho atabaki kilimani, na ajaribu tena na dume wa kwao. Kama amebeba mimba sasa, hao watoto watachukuliwa. Paka za nyumbani zisipoletwa, watakuja na mitego wamrudishe, na kilima kinafungwa. Akirudi hapa atakaa kwa waya mpaka afe. Na mimi ndiye nitafunga mlango.

Ningeweza kuja na gunia nimkamate Meneja wewe ukiwa shambani. Ananijua, angeingia. Sitafanya hivyo. Alikuwa wa mama yako, na sasa ni wako. Amua wewe.

Mama yako Syombua angeamua nini sijui. Tulikaa naye miaka mingi na bado alikuwa ananishangaza.

Munyao


Ngaani
14 Aprili 2024

Kwako Nau,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi tuko, mvua ipo, ndengu tumevuna magunia tukashukuru. Goti lako linaendeleaje na hii baridi?

Nisamehe kukaa bila kukujibu. Mulei alipita mara mbili akiuliza, "Hakuna barua ya mzee?" Namwambia hakuna. Anatingisha kichwa kama ni yeye ameachwa.

Kilichonishika ni pale ulisema Meneja ni wangu. Wajomba walikuja wakagawa vitu, shangazi akachukua leso zake, na mimi niliachiwa kazi zake tu. Hakuna mtu aliwahi kuniambia hiki cha mama ni chako. Basi kama ni changu, naweza kumtoa mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada, akina mama wakiwa bado wamekaa, nilisimama. Nikasema, "Mimi nilificha paka. Nani mwingine?" Kila mtu anaangalia kiatu chake.

Nikamgeukia Kalunde.

"Mama, na wewe?"

"Mimi? Umeona paka kwangu?"

"Nimeona bakuli la maziwa."

"Ni la mjukuu."

"Mjukuu anakunywa chini ya kitanda?"

Nau, kanisa lilicheka mpaka pasta akatoka ofisini. Kalunde akacheka mwenyewe, halafu akaanza kulia, akasema anaogopa njaa, ndiyo tu, anaogopa njaa. Ikawa wote wanasema. Huyu amefungia kwa choo, huyu amepeleka kwa dada yake ng'ambo ya mto.

Nilimbeba Meneja kwa kyondo cha mama. Abdiya alikuwa anafanyia kazi kwa baraza ya dispensari, meza moja, taa ya betri. Nilishika kichwa chake mpaka akalala. Abdiya hakunilaumu. Alisema tu, "Una mkono mzuri, usitetemeke sasa." Meneja aliamka akitembea kama mtu ametoka kwa pombe ya kaluvu, akagonga mlango, akalala. Siku ya tatu aliniletea panya mlangoni. Sikumwambia Kalunde mara moja, nilitaka kwanza nifurahi peke yangu. Paka zingine zilikuja kwa magunia, kwa vyondo, moja ndani ya begi la shule. Mzee Mwau alileta wake akasema, "Haya, Idara imefika."

Sasa nikuambie ile nyingine.

Yule wako alikuwa tayari amezaa. Abdiya aliniomba niwaonyeshe njia ya mawe kwa sababu naokota kuni upande huo. Tulimkuta chini ya mwamba. Watoto watatu. Wawili wana soksi nyeupe kama za Meneja, na hakuna mwenye nyekundu nyuma ya masikio. Abdiya aliwaangalia kidogo tu, akavua glavu, akasema, "Ni wa Meneja."

Yeye hakukimbia. Ulisema umemfundisha kuogopa watu. Anaogopa, niliona anatetemeka, lakini alisimama mbele ya shimo, akatutolea meno. Mimi sijawahi kumwona karibu. Ni mdogo, Nau. Kwa barua zako nilifikiri ni mkubwa. Abdiya alipiga debe, tukapiga kelele wote, ndipo akaruka juu ya mwamba. Wakatia watoto kwa sanduku. Alikuwa anatuangalia kutoka juu, na mimi nilikuwa nimeshika kifuniko.

Usiku alikuwa anaita. Si kama paka ya nyumbani. Ni kama mtu anakohoa, ananyamaza kusikiliza kama ataitikiwa, anakohoa tena. Meneja alikuwa anasimama dirishani. Nilikuwa namfungia, halafu nalala na mto juu ya kichwa.

Halafu usiku mmoja hakuita.

Abdiya amesema yule wako anabaki kilimani. Ni wewe nilifikiria akisema.

Mwanao,
Kavata


Kibwezi
19 Mei 2024

Kwako Kavata,

Salamu. Goti ni lile lile. Mlo wa watoto uko?

Ulifanya vizuri. Mimi nisingeweza kushika hicho kifuniko.

Watoto wa paka waliletwa hapa. Watahasiwa wakikua. Msituni hawaendi, na kijijini hawaendi, ni wakali. Watakaa hapa. Daktari amenipa mimi niwalee, na akasema hawa naweza kuongea nao, haina shida tena.

Nilikaa nao siku ya kwanza. Nikawaambia habari ya mvua. Siku nyingine nikawaambia Athi imejaa. Wananisikiliza. Yule mwenye soksi ndefu anakuja mpaka kwa kiatu. Ni vizuri na si vizuri. Akija kwa kiatu namkumbuka yule mwingine akigonga waya.

Uliandika kwamba sitaji jina la mama yako. Nitajaribu. Syombua hakupenda kuitwa kwa nguvu. Ukimwita kutoka shambani alikuwa haitikii, ukifika anasema, "Mimi si mbuzi." Siku aliyougua sana nilimwita kwa nguvu pale dispensari, hakusema si mbuzi. Ndipo nilijua. Sikuweza kukaa kwa ile nyumba na kila mtu anangoja nimtaje. Hapa kazi ilikuwa ya kunyamaza. Nikaichukua.

Naandika polepole, mkono unachoka.

Nau wako,
Munyao


Ngaani
21 Julai 2024

Kwako Nau,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima. Huku baridi na vumbi, majani yamekauka yote.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Niliwasomea watoto ile ya mbuzi. Sasa nikiwaita wanajibu hivyo, nimejiletea shida.

Yule wako haonekani. Abdiya alikuja kuangalia kamera: nyani, kanga, dume mmoja wa msitu akipita, yeye hakuna. Tangu mwezi wa tano hakuna. Ameondoa kamera, anazihitaji mahali pengine. Alisema labda amehamia upande wa pili, labda chui, labda amejifunza kamera iko wapi. Alisema hatutajua.

Kalunde alikuja mbio akisema kuna kitu kimegongwa kwa lami karibu na daraja. Nilienda kwa miguu. Alikuwa sungura.

Naenda kilimani kila nikipata nafasi. Nakaa kwa lile jiwe la maji. Nafikiri ni sisi tulimfukuza siku ile. Niambie, Nau. Tulimfukuza?

Unaweza kuniita Mwaitu.

Kavata


Kibwezi
11 Agosti 2024

Kwako Mwaitu,

Salamu. Wote wazima? Mimi niko.

Nimepewa ruhusa ya Novemba. Nitakuja nikae. Daktari anasema harufu yangu sasa si kitu. Nitaweka mawe mapya kwa Syombua, yale ya zamani yamezama.

Umeuliza kama mlimfukuza. Ndiyo. Mimi nilianza, nyinyi mkamaliza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Paka ya kurudi kwa mtu nisingehitaji miaka yote hii, ningemfuga tu. Nilimlisha ili siku moja mtu apite hapo na asimwone. Sasa watu wanapita na hawamwoni. Siwezi kulia kwa sababu kile nilichofanya kimefanyika.

Kwa hivyo usikae kwa lile jiwe. Akiwa yuko, anakunusa, na anakunywa maji mbali. Unamnyima maji. Rudi nyumbani. Usiende kumtafuta tena, na wakataze wengine wasiende.

Ila kuni za upande ule ni nzuri, najua lazima utaenda. Ukienda, usisimame, usiite. Tembea tu.

Lakini uangalie chini, pale mchanga ni laini na nyayo zinakaa.

Nau wako,
Munyao